Bodaboda Kabla ya Pikipiki: Kumbukumbu ya Baiskeli za Mpakani



Muhula uliopita, katika somo letu la uundaji wa maneno, tuliandika ubaoni neno moja tu, bodaboda, kisha tukawaomba wanafunzi walieleze kila mmoja kwa sentensi moja. Karatasi tulizokusanya zilifanana kama mapacha. Bodaboda ni pikipiki ya kubebea abiria, waliandika. Mmoja aliongeza kofia ngumu, mwingine akaongeza ajali. Karatasi moja tu ndiyo iliyotusimamisha. Mwenyewe ni mzaliwa wa Molo, Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda (asije mtu akadhani ni Molo ya Nakuru inayosifika kwa kondoo), naye alieleza kwamba babu yake alikuwa bodaboda miaka mingi lakini hakuwahi kupanda pikipiki hata siku moja.

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa kati ya karatasi zote hiyo ndiyo iliyoshika historia ya neno. Tulimwita baadaye tukamwuliza mawili matatu. Baiskeli ya babu ingali nyumbani, alisema, imeegemezwa nyuma ya jiko, haina tairi. Tukamwuliza babu alikiitaje kile chuma alichokifunga pembeni ili abiria aweke miguu. Hakujua. Tukamwuliza nani nyumbani anaweza kujua. Akafikiri kidogo, akasema hakuna tena.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Neno bodaboda leo ni miongoni mwa maneno yaliyosafiri mbali kabisa katika Kiswahili cha nusu karne iliyopita. Waliolianzisha wanazeeka na kuondoka, na chombo chao kimeondolewa ndani ya maana ya neno lenyewe. Tunaona ni wajibu wa idara ya lugha kukumbusha mambo yalivyokuwa.

Mpaka ulivyofika

Tuanze na mahali. Mwishoni mwa karne ya 19 Uganda ya Waingereza ilienea mashariki hadi upande wa Naivasha. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wake wa mashariki wakautia katika himaya ya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Hivyo mpaka ukasogea magharibi, ukapita katikati ya watu. Wasamia wakawa pande zote mbili, na Waiteso vivyo hivyo. Mto Malaba na Mto Sio, ambayo watu walikuwa wakiivuka kwenda kuoa, kuzika na kukopeshana ng'ombe, ikageuka kuwa alama za mpaka katika baadhi ya sehemu zake.

Kwa miaka mingi alama hizo hazikuwasumbua sana wananchi. Nchi zote mbili zilikuwa chini ya mtawala mmoja na zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mambo yalianza kubadilika baada ya uhuru. Mwaka 1966 kila nchi ilitoa sarafu yake, na ukaguzi wa mpakani ukazidi kuwa na maana. Ndipo miji miwili ya mpakani ilipoanza kupata sura yake: Busia kusini na Malaba kaskazini yake, kila mmoja ukiwa na upande wa Kenya na upande wa Uganda wenye jina lile lile. Nyuma ya Malaba, kwa upande wa Uganda, ndiko kuliko Tororo yenye mwamba wake unaoonekana kutoka mbali, na vijiji kama vile vya Molo.

Pale Busia palikuwa na tatizo dogo lenye faida kubwa. Kituo cha ukaguzi cha nchi moja na kile cha nchi ya pili vilitengana kwa zaidi ya nusu maili. Basi lilikushusha upande mmoja. Kulivusha gari mpakani kulihitaji hati nyingi, na mwenye gari hakuona faida ya kuhangaika nazo kwa safari fupi kama hiyo. Msafiri alibaki na mzigo wake juani, mbele yake kipande cha barabara ambacho si safari ya gari wala si matembezi ya mtu mwenye gunia.

Hapo ndipo alipotokea kijana mwenye baiskeli.

Chombo na kazi yake

Baiskeli yenyewe ilikuwa ile nyeusi, nzito, ya magurudumu ya inchi 28, ambayo watu wa Kenya na Uganda waliibandika jina la Black Mamba. Awali nyingi zilitoka Uingereza, hasa za kampuni ya Raleigh. Baadaye za India na China zikajaza maduka, na majina kama Hero na Phoenix yakazoeleka masikioni. Ilikuwa baiskeli iliyoundwa kwa ajili ya mtu mmoja. Vijana wa mpakani waliigeuza ikawa ya watu wawili na mzigo.

Mageuzi hayo yalikuwa ufundi kamili. Karia ya nyuma iliimarishwa kwa fundi wa kuchomelea, kisha ikafungwa mto wa sponji uliovikwa plastiki ili mvua isiuloweshe. Vyuma viliongezwa kwenye fremu na kwenye uma wa mbele, maana uma ndio uliovunjika kwanza mzigo ulipozidi. Pembeni pakawekwa pa kukanyagia kwa ajili ya abiria. Mama aliyevaa gomesi alikaa upande, mkono mmoja umeshika kiti na mwingine umeshika mtoto, na mwendeshaji alipaswa kuujua uzito huo ulikoegemea kabla ya kukanyaga mara ya kwanza. Madigadi ya nyuma yalining'inizwa kipande cha mpira kilichoandikwa jina, methali au sala. Kengele iling'arishwa. Baiskeli ya mtu ilijulikana kwa mapambo yake kabla mwenyewe hajatambulika.

Kazi ilikuwa na adabu zake pia. Waendeshaji walingoja kwenye steji kwa zamu. Mwenye pancha alisaidiwa pampu na sulisheni na mwenzake, akilipa siku nyingine kwa msaada kama huo. Kilimani abiria alishuka bila kuambiwa, akatembea kando ya baiskeli, akapanda tena mbele. Bei ilipatanwa kabla, na aliyevunja mapatano steji nzima ilimkumbuka.

Neno lilivyozaliwa

Masimulizi ya mpakani na maandishi ya watafiti wa usafiri kwa kawaida huitaja Busia, na miaka ya 1960, kuwa chimbuko la kazi hii, kisha Malaba ikafuata. Kuhusu neno kuna maelezo mawili. Wapo wasemao kwamba maana yake ni kutoka boda hadi boda, yaani kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi nyingine. Wapo wasemao kwamba ni mwito tu: kijana alimwona msafiri akishuka kwenye basi, akapaza sauti, "Boda! Boda!", kama vile utingo wa matatu anavyoita jina la mtaa. Sisi hatuoni haja ya kuchagua. Mwito unaotaja safari huwa jina la safari kwa urahisi sana.

Jambo la kuangalia zaidi ni jinsi neno lilivyoundwa. Mzizi wake ni wa Kiingereza, hilo halina ubishi, lakini hakuna Mwingereza asemaye hivyo. Urudufishaji ni chombo chetu wenyewe. Tunasema polepole, sawasawa, pikipiki. Watu wa mpakani walilichukua neno geni, wakalipa irabu ya mwisho, wakalirudufu, na likawa la kwao. Tena walifanya hivyo ilhali Kiswahili kilikuwa tayari na neno mpaka. Labda mpaka lilikuwa limechoka kwa kazi mbili, maana ni nomino na ni kihusishi pia. Mtu anayekwenda mpaka mpakani anahitaji kusikilizwa mara mbili.

Kuna na la sarufi. Neno hili lilitaja vitu vitatu kwa pamoja: chombo, kazi na mtu. Ndiyo maana tunaweza kusema bodaboda imeharibika, tukimaanisha chombo, na bodaboda amefika, tukimaanisha mwendeshaji. Mwanafunzi wetu wa Molo hakukosea aliposema babu yake alikuwa bodaboda. Katika matumizi hayo mtu na baiskeli yake walikuwa kitu kimoja.

Linganisha na ndugu zake. Neno matatu limetokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi. Daladala ya Tanzania imetokana na dala, jina la mtaani la shilingi tano. Maneno yote matatu yalitoka barabarani, si kwenye kamati yoyote ya istilahi, na yote yameshinda.

Miaka ya magendo

Historia ya baiskeli hizi haiwezi kuelezwa bila kutaja miaka ya 1970. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia nchini Uganda, na biashara zao zikagawiwa watu wengine. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa viliadimika. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana katika miaka miwili iliyofuata. Mkulima wa Uganda alilipwa kidogo nyumbani. Ng'ambo ya mpaka alilipwa vizuri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Kila mmoja wetu anaweza kukisia kilichofuata. Kahawa ilikwenda mashariki, sukari na sabuni zikaja magharibi, na nyingi zilipita usiku kwenye njia za panya. Gari lisingeweza kupita huko. Baiskeli iliweza: haipigi kelele, haina taa isipotaka, inapita kwenye kijia cha upana wa mtu mmoja, na mtoni huinuliwa begani. Aliyekuwa mchana amebeba mama na mtoto, usiku alibeba gunia. Hatuandiki haya ili kusifu uvunjaji wa sheria. Wengi walikamatwa na wengine walipoteza maisha. Hata hivyo, nyumba nyingi za mpakani zilikula na kusomesha watoto kwa magurudumu hayo.

Wakati huo Kiswahili cha Uganda kilijipatia maneno mawili ambayo hayajafutika. La kwanza ni magendo, ambalo lilikuwepo zamani lakini huko likawa jina la uchumi mzima. La pili ni mafutamingi, jina la matajiri wapya waliopewa maduka ya waliofukuzwa. Mwalimu wa sarufi atasema ilipaswa kuwa mafuta mengi. Mwanahistoria atamwomba aliache kama lilivyo.

Palikuwa na magurudumu mengine pia. Watu wenye ulemavu wa miguu walipita mpaka wa Busia wakiendesha kwa mikono baiskeli za magurudumu matatu, zilizosheheni bidhaa. Herbert Muyinda wa Chuo Kikuu cha Makerere na Susan Reynolds Whyte wa Chuo Kikuu cha Copenhagen wamewaandikia. Maafisa wa forodha waliwalegezea masharti, nao wakaitumia nafasi hiyo kujenga nyumba, kuoa na kuajiri wenye miguu mizima wawasukumie mizigo. Ushuru ulipopungua kati ya nchi hizi, faida ile nayo ilipungua. Hiki ni kisa ambacho kingestahili riwaya, na mpaka sasa hatujaisoma kwa Kiswahili.

Kuenea na kusahauliwa

Katika miaka ya 1980 na 1990 kazi ya bodaboda ilitoka mpakani ikaenea Mbale, Jinja, Kisumu na miji mingine mingi. Ajira zilikuwa haba, na baiskeli ndiyo mtaji ambao kijana angeweza kuukopa au kuukodi. Kule Kisangani, mashariki mwa Kongo, baiskeli za abiria ziliitwa toleka, neno la Kilingala. Watu mbalimbali walifikia jibu moja kwa shida moja, kila mmoja kwa lugha yake.

Kisha ikaja pikipiki. Kampala ilianza kuzizoea katika miaka ya 1990. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, mafuriko yalianza. Pikipiki za India na China zikajaa hadi vijijini. Baiskeli za abiria bado zaonekana hapa na pale katika miji midogo, lakini neno limehamia chombo kipya bila kuaga. Sasa zimeingia pikipiki za umeme Nairobi na Kampala, nazo zinaitwa bodaboda zile zile.

Hata ule mwanya wa Busia uliozaa neno umebadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa mwaka 2000, umoja wa forodha ukaanza 2005, na mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili upande mmoja tu. Safari ya kutoka boda hadi boda, kwa maana yake ya kwanza, imekwisha.

Wengine wanavyowakumbuka wao

Tunapoona jambo hili tunalilinganisha na magurudumu ya kwingine. Tuchukue skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao vijana husimama juu yake. Ulianza California katika miaka ya 1950, magurudumu ya chuma yakiwa yamepigiliwa chini ya ubao. Yakafuata ya udongo, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy akaleta ya plastiki laini ya polyurethane, na mchezo mzima ukabadilika. Wazee wa mchezo huo wanajua mpangilio huo kama sisi tunavyojua ngeli. Wanatunza mbao zao za zamani, wana majarida, kama Thrasher lililoanza 1981, na wana jumba la kuwaenzi wakongwe wao. Mchezo huo ulipoingia Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021, hakuna aliyehitaji kubahatisha ulikotoka.

Hata Uganda skeitibodi ina kumbukumbu yake. Mwaka 2006 vijana wa Kitintale, Kampala, akiwemo Jackson Mubiru, walijenga kwa saruji uwanja wa kuchezea mbao hizo, na wapiga picha wa ng'ambo waliwafuata hapo mtaani kwao. Tena tazama Goma. Huko watu husafirisha viazi, kuni na makaa kwa chukudu, baiskeli isiyo na kanyagio iliyochongwa kwa mbao nzima. Mji huo umesimamisha sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake kwenye mzunguko wa barabara, ili kila apitaye aione.

California ina jumba, Goma ina sanamu. Waendesha baiskeli wa Busia, Malaba na Tororo walichoachiwa ni neno tu, na hata hilo wanafunzi wetu wameligawia pikipiki.

Ombi letu

Sisi si idara ya historia wala hatuna fedha za kusimamisha sanamu. Kazi yetu ni maneno, na hapo ndipo tunapoweza kusaidia. Kila kazi ya mikono ina msamiati wake: majina ya vifaa, majina ya makosa, matusi ya kirafiki, lakabu za njia na vilima, maneno ya siri ya kumtaja askari. Msamiati huo haukuandikwa. Umo vinywani mwa wazee ambao leo wana miaka sabini na zaidi, wakizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kiteso, Kisamia, Kidhopadhola na Kiluganda. Huo ndio Kiswahili cha mpakani, na ni sehemu halali ya lugha tunayofundisha, hasa wakati huu ambapo Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua, Julai 2022, kukipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Mtu asiseme lugha hii ni ngeni mashariki mwa Uganda. Imekuwa ikibebwa huko kwenye karia kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wetu wanaokwenda likizo Tororo, Busia, Bungoma na kwingineko magharibi mwa Kenya: ketini na mzee mmoja aliyewahi kuendesha bodaboda ya baiskeli. Mwamkieni ipasavyo, msimharakishe. Mwulizeni kila sehemu ya baiskeli aliiitaje. Mwulizeni abiria mzito aliitwaje, na yule asiyelipa. Mwulizeni njia alizopita na majina yake. Andikeni kwa maneno yake, hata yale ambayo mnadhani si sanifu, na mwombeni ruhusa kabla ya kuyaleta. Kadiri nafasi itakavyoruhusu tutayachapisha katika kurasa hizi.

Mwanafunzi wa Molo tumemrudishia karatasi yake ikiwa na alama zote. Chini yake tumemwandikia kwamba, ijapokuwa nyumbani hakuna wa kuuliza tena, steji aliyokuwa akingoja babu yake ilikuwa na watu wengi, na huenda mmoja wao bado yupo. Aanzie huko. Na akirudi, atuambie kile chuma kinaitwaje.